Somo la Kompyuta: Tutengeneze Brashi Yetu kwa Pindo la Cheti

  



Siku ya mahafali ya mwaka huu wazazi kadhaa walitujia na swali moja. Vyeti vya watoto waliokhitimu Msahafu mwaka jana vilikuwa na jina tukufu la Mwenyezi Mungu likizunguka pande zote nne, kama pindo la kanga. Vya mwaka huu vina nyota tu. Kwa nini jina limeondolewa? Tuliahidi kujibu katika jarida hili. Kwa kuwa jibu lenyewe limo ndani ya somo la kompyuta tunalowasomesha wanafunzi wa darasa la juu, tumeona tulieleze somo lote hapa, ili wafaidike pia wale ambao hawajafika darasa hilo, pamoja na wazazi wenye kompyuta nyumbani.

Tuanze na kisa. Mwaka jana mwanafunzi wetu mmoja, mwenye mkono mzuri wa khati, alilichora jina la Allah kwa kompyuta, akaligeuza kuwa brashi, kisha akaliburuta kuzunguka ukurasa. Kazi iliyokuwa ikituchukua jioni mbili, ya kunakili na kubandika pambo moja moja, ilikwisha kabla ya adhana ya Alasiri. Sisi walimu tulimsifu sana, na hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia pembe za ukurasa. Huko pembeni jina lilipanda juu ya jina, na katika mstari wa chini herufi zilikatwa na ukingo wa karatasi. Tulipokwenda kuchapisha zikatoka karatasi saba za majaribio, kwa sababu rangi ya kijani ilikuwa haikai sawa. Tulipopata vyeti vizuri tukavichukua tukaondoka, na zile saba tukaziacha juu ya meza ya duka.

Baada ya siku chache jirani mmoja alikuja madrasa na karatasi iliyosokotwa kufungia karanga. Aliikunjua mbele yetu bila ya kusema neno. Tulirudi dukani siku ile ile, tukapata nne. Mbili hatujaziona hadi leo.

Kosa halikuwa la kijana yule, wala la muuza karanga. Ni sisi tuliomfundisha namna ya kutengeneza brashi, na hatukumfundisha brashi ni kitu gani.

Brashi ni muhuri

Mtu akisikia brashi hufikiria ile ya kupakia rangi ukutani. Brashi ya kompyuta ni jambo jingine, nayo inafanana zaidi na muhuri wa ofisini. Unachora umbo mara moja, ukaliweka katika programu, na kila unapobonyeza kipanya umbo lile linagongwa ukurasani. Ukibonyeza na kuburuta, linagongwa mfululizo, moja baada ya jingine, mpaka utakapoachia. Ukubwa wake unaweza kuubadilisha, rangi yake pia, na nafasi baina ya pigo na pigo.

Basi umbo lililofanywa brashi litarudiwa mara arubaini katika ukurasa mmoja. Mengine yatapandana. Mengine yatakatwa ukingoni. Mkono ukiteleza utafuta na kuanza upya, na karatasi za majaribio zitakwenda zinakokwenda karatasi za majaribio. Hayo yote hayana ubaya kwa nyota au ua. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwa aya, au kwa jina la Mtume (S.A.W.), hayafai. Hilo ndilo jibu letu kwa wazazi. Tazameni pia kazi ya wazee wetu: misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, ina kurasa zilizopambwa kwa wino mweusi, mwekundu na wa njano. Pambo limewekwa pembezoni na maneno yamewekwa katikati, yakaandikwa neno kwa neno na mtu aliyekuwa na udhu na nafasi. Khati nzuri ya yule mwanafunzi wetu sasa imewekwa juu ya cheti, katikati, mara moja tu.

Vekta na pikseli

Sasa tuingie kwenye kazi. Kuna namna mbili za kompyuta kuhifadhi mchoro, na anayeanza asipozitofautisha atasumbuka bure.

Ya kwanza ni ya pikseli, yaani vidoti vidogo vya rangi vilivyopangwa safu kwa safu kama nyuzi za mkeka. Picha ya simu ni ya namna hii. Ukiikuza sana vidoti huonekana, na kingo zinakuwa kama ngazi. Ya pili ni ya vekta. Hapa kompyuta haihifadhi vidoti, inahifadhi maelezo: nukta iko hapa, nyingine iko pale, baina yao pana mstari ulionyooka au uliopinda kiasi hiki. Ukitaka mchoro uwe mkubwa kama ukuta wa msikiti, kompyuta inapiga hesabu upya na kingo zinabaki kali vile vile.

Tutachora kwa vekta, kisha tutaugeuza mchoro kuwa pikseli ili uwe brashi. Wengine wanauliza kwa nini tusichore pikseli moja kwa moja. Sababu ni kwamba mchoro wa vekta unabaki kuwa asili. Leo unataka brashi ya cheti, kesho ya bango la Maulid. Unarudi kwenye asili na kutoa nakala ya ukubwa unaohitajika. Aliyechora kwa pikseli atalazimika kukuza kitu kidogo, na kitatoka kimefifia kama vyeti vyetu vya miaka ya nyuma.

Tunatumia programu mbili. Ya vekta ni Inkscape, iliyoanza mwaka 2003, na ya pikseli ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Zote mbili ni za bure na waliozitengeneza wameruhusu kila mtu azitumie, azinakili na ampe mwenzake. Tunalisema hili kwa makusudi. Kompyuta nyingi mitaani zimejaa programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, na watu wameshazoea kuona si kitu. Sisi hatuoni namna ya kupamba cheti cha Qur'ani kwa kitu ambacho mwenyewe hakukitoa.

Kuchora nyota

Tumechagua nyota ya ncha nane kwa sababu kila mtoto wa madrasa anaijua. Qur'ani ina juzuu 30, kila juzuu ina hizbu mbili, na kila hizbu imegawanywa robo nne, jumla robo 240. Katika misahafu mingi iliyochapishwa, mwanzo wa robo huwekewa alama ya nyota hii. Mwanafunzi mmoja alituuliza kama na hiyo si sehemu ya Qur'ani. Hapana. Ni alama iliyowekwa ili kumrahisishia msomaji, na umbo hilo hilo utalikuta katika vigae, kuta na dari za majengo mengi.

Tena ni rahisi kupita kiasi: ni miraba miwili, mmoja umewekwa wima na mwingine umegeuzwa nyuzi 45.

Fungua Inkscape. Bonyeza kitufe cha F4 kupata kifaa cha kuchora miraba. Shikilia Ctrl na uburute kipanya, kisha angalia visanduku vya vipimo juu ya skrini, upana na urefu viwe namba moja. Kama si sawa, ziandike mwenyewe. Chini ya skrini pana safu ya rangi; bonyeza nyeusi. Kisha shikilia Shift na ubonyeze alama ya msalaba mwanzoni mwa safu hiyo, ili kuondoa mstari wa pembezoni.

Sasa bonyeza Ctrl na D. Utadhani hakuna kilichotokea, kwa sababu nakala imelala juu ya mraba wa kwanza sawasawa. Bonyeza kitufe cha mabano ya mraba, hiki ], mara tatu. Kila pigo linageuza umbo nyuzi 15, na mara tatu ni 45. Nyota imeonekana! Darasani hapa ndipo watoto hupiga kelele, nasi huwaachia.

Bado ni vipande viwili. Chagua vyote kwa Ctrl na A, kisha bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha. Vimeungana kuwa umbo moja. Ukitaka tundu katikati, bonyeza F5, shikilia Ctrl, chora duara dogo, uliweke katikati ya nyota, chagua vyote viwili, kisha bonyeza Ctrl na alama ya kutoa. Duara lililo juu linakata lililo chini yake. Hifadhi faili kabla ya kwenda mbele. Hii ndiyo asili yako, usiifute hata ukishapata brashi.

Umbo likiwa na mistari myembamba badala ya maumbo yaliyojaa, uigeuze kwanza mistari hiyo kuwa maumbo kwa Ctrl, Alt na C. Usipofanya hivyo, unapokuza au kupunguza mchoro unene wa mstari unaweza kubaki ule ule, na pambo likapoteza sura.

Ukubwa gani?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo tuende polepole na hesabu. Ukishatoka kwenye vekta huwezi tena kukuza bila ya kuharibu, basi amua ukubwa kabla ya kutoka.

Kazi ya kuchapisha huhitaji pikseli 300 kwa kila inchi, na inchi moja ni sentimita 2.54. Tunataka nyota ya sentimita 2. Gawa 2 kwa 2.54, zidisha mara 300, utapata 236. Nyota yetu basi iwe na pikseli 236 kwa upana. Sisi tunatoa mara mbili yake, 472, kwa sababu kupunguza brashi hakuharibu kitu na kuikuza kunaharibu.

Chagua nyota, bonyeza Shift, Ctrl na E. Katika dirisha litakalofunguka chagua kutoa kile ulichokichagua tu na si ukurasa mzima, andika upana 472, kisha toa faili la aina ya PNG.

Fungua faili hilo katika GIMP. Nyota ni nyeusi na nyuma yake hakuna kitu, pana viraba vya kijivu vinavyoonyesha uwazi. Bonyeza D ili rangi ya mbele iwe nyeusi na ya nyuma iwe nyeupe. Nenda katika menyu ya "Image", chagua "Flatten Image", na uwazi utajazwa weupe. Katika menyu hiyo hiyo ingia "Mode", chagua "Grayscale", ili mchoro ubaki wa nyeusi, nyeupe na kijivu.

Kwa nini tuhangaike hivi? GIMP inaisoma brashi ya namna hii kwa kanuni nyepesi: palipo peusi patapakwa rangi, palipo peupe hapatapakwa, na palipo kijivu patapakwa nusu nusu. Rangi yenyewe itakuwa ile uliyoichagua wakati wa kazi, iwe kijani leo na dhahabu kesho. Ukiruka hatua hizi mbili brashi itabeba rangi yake yenyewe. Kila mwaka yupo mwanafunzi anayelalamika kwamba amechagua kijani na nyota inatoka nyeusi. Dawa ni kurudi hapa.

Sasa menyu ya "File", kisha "Export As". Lipe faili jina linaloishia na .gbr, kwa mfano nyota8.gbr. Utaulizwa nafasi baina ya pigo na pigo. Andika 100, maana yake nyota zitagusana ncha kwa ncha. Liweke faili katika folda ya brashi. Kama huijui iko wapi, ingia menyu ya "Edit", kisha "Preferences", ufungue "Folders" na hapo "Brushes"; njia yake imeandikwa. Mwisho, katika kidirisha cha brashi, bonyeza kitufe cha kuonyesha upya, na nyota yako itatokea miongoni mwa zile zilizokuja na programu.

Pindo la cheti

Ukurasa wa A4 kwa pikseli 300 za inchi una upana wa 2480 na urefu wa 3508. Makosa ya mwaka jana pembeni yalitokana na kuburuta kwa kukisia. Pindo zuri ni lile ambalo urefu wa kila upande unagawanyika kwa upana wa pambo bila ya kubaki kitu. Tumechukua nafasi nane juu na kumi na mbili ubavuni. Nane mara 236 ni 1888, na kumi na mbili mara 236 ni 2832. Ili pindo likae katikati ya ukurasa, mstari wa kushoto unapita pikseli ya 296 na wa kulia ya 2184. Wa juu unapita 338 na wa chini 3170. Hesabu wenyewe mhakikishe.

Vuta mistari ya kuongozea kutoka kwenye rula za GIMP hadi vipimo hivyo vinne. Fungua tabaka jipya ili ukikosea usiharibu maandishi. Chagua brashi yako na ukubwa wa 236. Bonyeza mara moja pembe ya juu kushoto, shikilia Shift, bonyeza pembe ya juu kulia. Nyota zitajipanga zote kwa mstari ulionyooka. Endelea hivyo kuzunguka mpaka urudi ulipoanza. Jumla ni nyota 40. Pembe moja ikiachwa tupu, kama inavyotokea mara nyingine, bonyeza hapo mara moja uijaze.

Kwa nyota ya ncha nane mwelekeo si tatizo, maana ukiigeuza robo mzunguko inabaki ile ile. Kwa ua lenye kikonyo ni tofauti, litasimama wima hata ubavuni. GIMP ina mpangilio uitwao "Track Direction" unaoigeuza brashi ifuate mkono. Jaribuni, ingawa pembe zake zina ukaidi, na kwetu tumeona bora kuchora ubavu mmoja na kuugeuza.

Wapi tupate maumbo mengine

Msikimbilie mtandao. Pambo la mtu ni mali yake, na kuonekana kwenye skrini si ruhusa. Tena likishakuwa brashi linasambazwa kwa flashi kwa darasa zima na dhambi inasambazwa nalo. Yapo yanayotolewa bure kwa ruhusa iliyoandikwa, someni ruhusa hiyo kwanza. Kuhusu viumbe vyenye roho, imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mtu aliyekuwa akiishi kwa kuchora, achore miti na visivyo na roho. Uwanja huo ni mpana.

Milango ya mji wetu imejaa mnyororo na yungiyungi. Mikeka ina mapambo, kofia zina viua, hina ya bibi harusi ina majani. Piga picha ya pambo moja, iweke katika Inkscape, uchore juu yake. Pambo likiwa na pande mbili zinazofanana chora nusu tu, nakili kwa Ctrl na D, kisha bonyeza herufi H nusu ya pili igeuke kama kwenye kioo. Inkscape inaweza pia kufuatiliza picha yenyewe bila ya mkono wako, lakini hutoa mamia ya nukta ovyo, na anayeanza hajifunzi chochote.

Zoezi

Kila mwanafunzi wa darasa la juu alete brashi mbili kabla ya likizo ya Ramadhani: nyota, na pambo moja alilolichora kutoka kwa mlango, mkeka au kofia ya nyumbani kwao. Alete faili la vekta pamoja na la brashi. Majaribio yachapwe nyuma ya karatasi zilizokwisha tumika, lakini mzikague kwanza, msichukue karatasi yenye aya au jina tukufu.

Karatasi za namna hiyo zisitupwe jaani. Imepokewa katika Bukhari kwamba Sayyidna Uthman (R.A.), aliponakilisha misahafu, aliamuru maandiko mengine yachomwe, na wanavyuoni wengi wakachukua humo njia ya kuhifadhi heshima ya karatasi hizo. Tumeweka sanduku la mbao karibu na mlango wa ofisi. Kila mmoja atie humo alichonacho, nasi tutakichoma mahali safi. Familia zenye vyeti vya mwaka jana zisivilete. Ni halali yao, tunaomba tu vitundikwe juu, mahali pasafi, na asiyetaka kubaki nacho tutampa kipya chenye nyota bila ya malipo.

Na yeyote atakayekutana na zile karatasi mbili, pindo la kijani lisilokaa sawa, atufikishie.

Wabillahi tawfiq.